Nzi wa Tunda Moja

"Makalio ya nzi, shemeji. Serikali inakulipa mshahara kwa kupima makalio ya—"

"Sindano. Hilmi, ni sindano ya kutagia mayai, nimekwambia mpaka—"

"—ya nzi, na huku mashine yangu pale makao makuu inamsoma nzi ukoo wake wote, bibi yake, babu yake, mpaka—"

"Mashine yako umeme ukikatika inalia kama mbuzi wa kafara."

"Inalia, lakini inatoa jibu."

"Baada ya wiki mbili. Jibu likifika, nzi ameshaoza wajukuu."

"Kuleni," akasema Mak Piah. "Mtagombana mkishashiba."

Hakuna aliyemsikia. Mak Piah alikuwa mama wa mmoja na mama mkwe wa mwingine, na satay ya asubuhi aliibeba mwenyewe kutoka nyumbani, akavuka nayo ile mitaro miwili iliyotenganisha bustani yake na kituo cha kilimo cha Parit Bakung, imefunikwa kawa lake la miaka yote lenye ukingo mwekundu. Sasa nyama ilikuwa inapoa kwenye vijiti, mchuzi wa karanga unaganda, na mwanawe Hilmi na mkwewe Rohaya wamesimama kila mmoja upande wake wa meza kama watu wanaogombea maiti.

Mumewe Rohaya, yaani kaka yake Hilmi, ndiye peke yake aliyeweza kuwanyamazisha hawa wawili, na yeye kazi yake ilikuwa Singapura, anarudi Jumamosi amechoka. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Ijumaa shemeji na shemeji walitaniana wapendavyo. Mwaka jana Rohaya alimtia Hilmi nzi wa plastiki kwenye kahawa, Hilmi akalipiza kwa kumjazia kofia ya pikipiki unga wa mchele. Lakini leo haukuwa utani. Leo palikuwa na mgeni kwenye kiti cha dirishani, amekunja sari yake vizuri isiguse sakafu, anakunywa chai.

Dakta Selvarani alikuwa mkubwa wao wote wawili. Alikuja na gari la idara kuangalia kama chumba cha Rohaya kina haja ya kuendelea kuwapo. Kama hakina, hadubini itapanda gari leo leo, chumba kitajazwa magunia ya mbolea, na Rohaya atahamia makao makuu kupokea simu za watu wanaouliza bei ya miche. Rohaya alikuwa ameshaonyeshwa hata kiti atakachokalia. Kilikuwa karibu na choo.

"Nielezeni upya," akasema Dakta. "Mmoja mmoja. Rohaya."

Rohaya akavuta pumzi. "Hapa tuna nzi wa aina mbili wanaotoboa matunda. Wanafanana kama pacha. Mmoja tunamwita Nyota, kwa sababu anapenda belimbing, tunda la umbo la nyota, na mwingine tunamwita Papai, kwa sababu yeye hachagui, papai, embe, pera, chochote. Kituo kinafuga madume tasa, tunawaachia kwenye bustani wapotezee majike muda. Dume tasa wa Nyota umwachie kwenye bustani ya Papai, atapunga upepo tu. Kwa hiyo lazima ujue bustani ya nani ina nani, na ujue siku hiyohiyo."

"Na unajuaje?"

"Jike ana sindano mwishoni mwa tumbo. Ya Papai ndefu, ya Nyota fupi. Naitoa, naiweka kwenye kioo, napima. Nusu saa."

"Na mimi nasema," akadakia Hilmi, "nzi ni kama binadamu. Kuna warefu, kuna wafupi. Utamjua Mjava na Mbugis kwa kuwapima mikono?"

"Wewe nakujua kwa kupima mdomo," akasema Rohaya.

Mak Piah akacheka, kisha akakumbuka kuwa yule ni mwanawe, akaacha.

Ndipo Hilmi akatoa kile alichokuja nacho. Ilikuwa trei ya chupa ndogo kumi na mbili, kila moja na nzi jike ndani ya pombe kali, amelala chali.

"Hawa nimewaandaa mwenyewe," akasema. "Kila mmoja nimemng'oa mguu, mguu umeenda kwenye mashine, mashine imeniambia yeye ni nani. Wengine nimewatoa kwenye vizimba vya kituo, wengine nimewalea kutoka kwenye tunda la bustani. Wangapi ni wangapi, sisemi. Ndani ya kifuniko cha kila chupa nimetia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu ni Papai. Kisicho na rangi ni Nyota. Pima, shemeji. Ukikosea hata mmoja, hadubini inapanda gari."

"Na nikipatia wote?"

"Nitakwenda kuvalisha matunda ya mama msimu mzima. Mikono mitupu."

Hapo hata Dakta akainua nyusi. Kuvalisha belimbing ni kulifunga kila tunda mfuko wa karatasi likiwa bado dogo kama kidole gumba, mti mzima, tunda kwa tunda, na miti ya Mak Piah ilikuwa na majimoto waliojua kupanda hadi kwapani. Hilmi alikimbia kazi hiyo tangu shule ya msingi. Watu walisema ndiyo iliyomfanya asome kwa bidii.

Basi wakakubaliana. Hilmi akawahamishia nzi kwenye visahani, akavibandika namba, Dakta mwenyewe akaondoa satay kwenye sinia ya Mak Piah, Hilmi akavilaza vifuniko humo kifudifudi kwa mpangilio uleule, kisha Dakta akavifunika kwa kawa. Mak Piah akaivuta sinia karibu na magoti yake. Kwa ulinzi ule, hata polisi wasingefanya zaidi.

Rohaya akaketi. Huwa akiketi pale kwenye hadubini mabega yanamshuka yenyewe, kama mtu aliyefika kwake. Akamchukua nzi wa kwanza kwa koleo ndogo, akalibana tumbo, sindano ikachomoza kahawia na kung'aa, akaivuta, akailaza kwenye tone la glisirini. Ndani ya jicho la hadubini mlikuwa na rula nyembamba ya kioo. Akasoma. Fupi. Nyota.

Wa pili, fupi. Wa tatu, fupi. Wa nne alimtamani awe mrefu, naye akawa mfupi vilevile.

Alipofika wa nane aliisoma rula mara mbili. Wote walikuwa wafupi. Wengine walizidiana kwa unywele, lakini hakuna hata mmoja aliyefika pale ambapo Papai huanzia. Alipomaliza wa kumi na mbili alikuwa na Nyota kumi na wawili.

Sasa, ingewezekana. Hilmi alisema wengine na wengine, lakini Hilmi alikuwa mtu wa kukuuzia mbuzi kwa picha. Angeweza kabisa kuleta Nyota watupu na kumwacha shemejiye atafute Papai asiyekuwapo.

"Vipi?" akauliza Dakta. "Nyota wote?"

Nyuma ya Rohaya, Hilmi akaanza kupiga mluzi taratibu.

Rohaya alikuwa amecheza karata na mluzi ule sikukuu nyingi. Hilmi hapigi mluzi akiwa na wasiwasi. Hupiga mluzi anapoona karata za mwenzake ni mbovu. Alikuwa amechungulia vipimo begani mwake, na vipimo vilimfurahisha.

Lakini mluzi si kipimo. Huwezi kumwambia Dakta kwamba nzi namba tano ni Papai kwa sababu shemeji yako anapiga mluzi.

"Sijasema bado," akajibu.

"Sindano zimeshapimwa, shemeji," akasema Hilmi kwa upole wa kuudhi. "Au zitarefuka ukizikodolea?"

"Mwache mwenzio," akasema Mak Piah.

Rohaya akarudi kwenye visahani, safari hii bila hadubini, kwa macho matupu, kama mtu anayechagua dagaa sokoni. Akavisogeza vikae mstari. Akaviangalia kwa muda. Kisha akatabasamu, maana jambo lilikuwa wazi hivyo mpaka likamchekesha: baadhi ya nzi wale walikuwa vibeti. Si sindano tu. Kichwa kidogo, mgongo mdogo, mabawa madogo. Yeye alikuwa amezama kwenye makalio yao asubuhi nzima, hakuwatazama wenyewe.

Akachukua wembe. Akamkata namba moja bawa la kulia, akalilaza kwenye kioo, akapima mshipa mmoja unaopita katikati ya bawa. Kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Sasa unapima mabawa?" Hilmi akaacha mluzi. "Tulikubaliana sindano."

"Tulikubaliana nipime."

"Dakta, anabadilisha mchezo."

Dakta Selvarani alikuwa ameweka kikombe chini. "Kwa nini bawa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, Rohaya hakuelewa kwa nini.

"Kwa sababu mkono mfupi haunielezi kitu mpaka nijue mwenye mkono ana kimo gani," akasema Rohaya bila kuinua uso. "Hilmi kasema kweli, wapo warefu na wafupi. Buu akila vizuri anatoka nzi mnene, akilala njaa anatoka kibeti. Na kibeti kila kitu chake ni kifupi, sindano ikiwemo. Papai kibeti ana sindano ya Nyota. Lakini ukiilinganisha na bawa lake mwenyewe..." Akasogeza kioo. "Ukiilinganisha na bawa lake mwenyewe, utaona sindano imemzidi. Kama mtoto aliyevaa viatu vya babake."

Hata Mak Piah aliacha kujipepea.

Mabawa yalikwenda haraka kuliko sindano. Rohaya aligawa kila sindano kwa bawa lake kwenye simu, na zile namba zilizokuwa zimelundikana pamoja kama abiria kwenye kivuko zikaanza kujitenga, hawa huku, hawa kule, na katikati pakabaki uwazi ambao ungeweza kupitisha lori. Hakuna aliyebaki njia panda.

Akasimama, akajinyoosha mgongo mpaka ukalia.

"Namba mbili, tano, sita, tisa na kumi na mbili," akasema, "ni Papai. Waliobaki ni Nyota."

Aliutazama uso wa Hilmi. Hilmi aliitazama dari.

"Funua kawa, Mama," akasema Dakta.

Mak Piah akafunua kwa mikono miwili, kama anafunua chakula cha mkwe mpya. Dakta akainama, akageuza kifuniko cha kwanza. Cheupe. Cha pili, chekundu. Cha tatu cheupe, cha nne cheupe.

"Bahati," akasema Hilmi.

Cha tano, chekundu. Cha sita, chekundu. Mak Piah alikuwa hajui namba zipi ni zipi, lakini alikuwa anasoma nyuso, na kila kifuniko kilipogeuzwa alipiga paja lake kofi dogo. Cha saba na cha nane, vyeupe. Cha tisa chekundu. Hilmi alianza kujikuna kwapa, kana kwamba majimoto wamekwishafika. Cha kumi, cha kumi na moja, vyeupe.

Dakta akageuza cha kumi na mbili. Kilikuwa cheupe.

Rohaya akafumba macho. Akaona kile kiti karibu na choo, akaona na simu juu yake inaita.

"Umekosa," akasema Hilmi, na ajabu ni kwamba hakusema kwa furaha sana. "Pole, shemeji. Ulifika mbali. Kweli ulifika mbali."

"Nimepima vizuri," akasema Rohaya. "Namba kumi na mbili ni Papai. Muulize mguu wake."

"Mguu uko makao makuu."

"Basi kumbuka. Uliwatia wangapi rangi?"

Hilmi akahesabu kwa vidole. "Watano. Nadhani watano. Cha mwisho nilikipaka rangi ndani ya gari, dereva alikuwa anapita kwenye mashimo ya—"

"Na hii nini kwenye sinia yangu?" akauliza Mak Piah.

Wote wakainama. Pale kifuniko cha kumi na mbili kilipokuwa kimelala, juu ya maua ya buluu ya sinia, palikuwa na nukta nyekundu, laini, inang'aa, imekaa kama chunusi. Rangi ilikuwa mbichi. Ilikuwa imekiacha kifuniko, ikabaki kwenye sinia.

"Sinia ya harusi yangu," akasema Mak Piah. "Rangi ya kucha."

Dakta Selvarani akaigusa kwa ncha ya kidole, akakiinua kidole hewani kama mwamuzi wa mpira. Kilikuwa chekundu.

"Wote kumi na wawili," akasema.

Rohaya hakupiga kelele. Alikwenda mezani, akachukua kijiti cha satay iliyopoa, akakichovya kwenye mchuzi ulioganda, akala taratibu mbele ya uso wa Hilmi huku anamtazama machoni. Hakuwahi kula satay tamu kama ile. Kisha akachukua cha pili, akampa.

"Kula, shemeji. Utahitaji nguvu. Mti wa pale kisimani peke yake una matunda kama nyota za mbinguni."

"Nitavaa glavu."

"Ulisema mikono mitupu," akasema Mak Piah. "Nimesikia kwa masikio yangu."

"Mama, wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa matunda yangu."

Hilmi akakaa chini, akala satay yake kama mfungwa. Lakini alikuwa mtu wa sayansi, hata akishindwa, na kitu kilimkereketa. "Lakini wale Papai," akasema, "mbona walikuwa vibeti? Mimi sikuwanyima chakula. Niliwalea ndani ya tunda lenyewe, nikaliweka kwenye ndoo ya mchanga, nikasubiri watoke."

"Matunda mangapi?" akauliza Rohaya.

"Moja."

"Moja? Hao wote kutoka kwenye belimbing moja?"

"Walitoka zaidi ya hao. Walitoka kama watu wa msikitini Ijumaa." Hilmi akageuka. "Nilimwomba mama matunda yenye mabuu, angalau kikapu. Akanipa moja, kalifunga kwa gazeti, kalifunga tena kwa mfuko, ananiambia ndilo hilo pekee bustani nzima."

Macho yote yakamwendea Mak Piah.

Mak Piah akachukua kawa lake, akalifuta vumbi ambalo halikuwapo. "Bustani yangu haina mabuu," akasema.

"Mama."

"Hilo lilianguka kutoka kwa jirani."

"Jirani ana minazi mitupu, Mama," akasema Rohaya.

"Basi upepo."

Rohaya alikuwa anajiuma mdomo. Hapa Parit Bakung utaungama deni, utaungama talaka, lakini kuungama kwamba tunda lako limetoboka ni kumvua marehemu mumeo nguo hadharani. Kila mwenye bustani aliapa kwamba nzi ni wa mwenzake. "Na kambare wa bwawani kwako," akasema, "mbona wamenenepa hivyo msimu huu? Juzi nilimwona mmoja ana shingo."

Mak Piah akamtazama mkwewe. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kwa pua kabla hajakizuia. "Vikapu vitatu," akasema. "Au vinne. Nilivimwaga bwawani kabla jua halijatoka. Ningempaje mtoto akavipeleke mjini, watu wa makao makuu waseme Mak Piah anafuga funza? Nikasema moja linamtosha, mabuu yako mengi ndani, ajihesabie." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kumbe nimewatesa njaa watoto wa watu."

"Umeninusuru, Mama," akasema Rohaya. "Ungempa kikapu, ningewapata kwa sindano tu, na Hilmi angesema bahati."

"Basi chumba ni changu pia," akasema Mak Piah. "Hadubini haiendi popote. Dakta, umesikia?"

Dakta Selvarani alikuwa amesogea kwenye hadubini wakati wao wanacheka, amevua miwani, anatazama bawa la namba kumi na mbili. Aliinuka, akaenda dirishani, akamwita dereva aliyekuwa amesimama na mkokoteni uani kusubiri kubeba.

"Rudisha huo mkokoteni," akamwambia. "Hakuna mzigo."

Rohaya akaegemea meza. Hilmi, na deni lake lote, alimpiga begani mara mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Sindano imemzidi. Mtoto na viatu vya babake. Nitaiiba hiyo." Mak Piah alikuwa amekwisha kusimama kwenda kupasha moto satay, anamwambia mwanawe alete kibiriti, maana mfungwa hakai bure.

Ni Dakta pekee aliyebaki amesimama dirishani, amewapa mgongo. Mikono yake ilikuwa inazungusha miwani, kushoto, kulia.

"Rohaya," akasema. "Wewe unajua udaktari wangu niliupata kwa kuchunguza nini."

"Kwa nzi hawahawa, Dakta. Wa pwani hii. Sote tumefundishwa kwa kazi yako."

"Niliwapima mpaka macho yakanitoka. Sindano tu." Akageuka. "Sikukata bawa hata moja. Sikuuliza walilelewa wapi wala walikula nini. Kila mwenye sindano fupi nilimwandika Nyota."

Mak Piah akasimama mlangoni na sahani mkononi. Hilmi akasahau kibiriti.

"Bado ninao," akasema Dakta Selvarani. "Wote, kwenye sanduku, chini ya kitanda changu. Naomba nikuletee kesho uwapime upya, mabawa na kila kitu. Na anza na wale wadogo."